Nani Kala Asali ya Msafara

Kabula mwenzangu,

Fisi wako sasa anatembea. Nimemwona jana kwenye kompyuta ya Nasra, mjukuu wangu. Ukibofya lango la boma la Kwihara, Fisi ananyanyua shingo, anakutazama kana kwamba umemkatiza chakula, kisha anaondoka kwa ule mwendo wake wa kushusha makalio, kama mtu aliyevaa suruali ya kuazima. Nilicheka mpaka Nasra akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Nikachukua simu nikupigie. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lako ndipo nilipokumbuka.

Jina sijalifuta. Sijui watu hulifuta lini.

Nakuandikia kwa sababu siku ya mwisho tulipozungumza ulinikabidhi jambo moja, nami nilikaribia sana kuliharibu. Una haki ya kujua lilivyokwenda. Nasra ameniomba aisome barua hii nikishamaliza, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Ulivumilia mengi zaidi ya hayo.

Tulikuwa walimu vijana, nchi nayo ikiwa kijana, na tulipelekwa kwenye shule ya kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Kigwa, mbali na reli kiasi cha kusikia treni bila kuiona. Mimi nimetoka Tabora mjini, nyumba ya duka, ukoo uliotoka Oman ukifuata pembe za ndovu ukabaki ukiuza chumvi na nguo za kaniki. Wewe umetoka Kwihara, binti wa mfuga nyuki. Siku niliposhuka kwenye lori la pamba na sanduku langu la bati, ulisimama mlangoni mwa nyumba ya walimu, mikono kiunoni, ukasema neno lako la kwanza kwangu: "Mwarabu wa Tabora, umekuja kufundisha au umehamia na duka?" Nikakupa shikamoo, nawe ulikuwa wa umri wangu. Ulicheka jioni nzima, na kwa wiki kadhaa ukawa unaniitikia "marahaba" kila nikikohoa.

Vitabu havikuwepo. Vilikuwepo vichache, vya kushirikiana watoto wanne wanne, na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Lakini darasa la tatu lilikuwa linajengwa, na wanakijiji walikuwa wakiitupa mifuko ya saruji ikiisha. Wewe uliiokota. Uliipasua tabaka kwa tabaka, ukaikung'uta vumbi mpaka nywele zikawa za bibi kizee, ukatoa zile karatasi za ndani zilizo safi, za rangi ya udongo. Ukachora kwa mkaa, kwa udongo mwekundu, na kwa ile buluu yangu ya kufulia niliyodhani nimeipoteza.

Ulichora msafara wa wanyama. Kobe alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele kuonyesha njia. Punda alibeba, Nyani alipika, Kanga alipeleka maneno, Nungunungu alilinda, na Fisi alikuja nyuma kabisa na mzigo ambao hakuna aliyeujua. Wamebeba pipa la gome lenye asali ya msitu wa miombo, wanaipeleka pwani. Wanalala Kwihara. Asubuhi Kobe ananyanyua pipa, pipa jepesi. Nani kala asali?

Nasra, hapa ndipo usome taratibu, maana vijana unaofanya nao kazi wanadhani mchezo wa kubofya umetoka ng'ambo. Kila karatasi ilikuwa mahali pamoja: jiko la Nyani, kisima, zizi, chini ya kitanda cha Kobe. Juu ya picha Mwalimu Kabula alibandika vipande vidogo kwa uji wa muhogo, vilivyoshikwa upande mmoja tu, ili vifunguke kama milango. Mtoto alishika bua la mtama, akagusa anapotaka: "Hapa." Mwalimu akafungua. Ndani kulikuwa na unyayo, au sufuria yenye ukoko, au buibui aliyekasirika, na chini yake maneno niliyoandika mimi kwa herufi kubwa. Asiyejua kusoma hakupata habari. Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye a-e-i-o-u walijifunza kusoma kwa uroho wa kutaka kujua kilichomo kwenye sufuria ya Nyani.

Mimi nilimtaka Sungura awemo. Ulikataa. "Sungura watamtaja kabla hawajatazama," ulisema. "Akiwemo huyo, macho yanakufa."

Unakumbuka mwenyekiti wa kijiji alipokuja kukagua? Ghala la kijiji lilikuwa limepungukiwa mbegu wiki ile, na Nyani wako alikuwa amevaa kofia. Mwenyekiti naye alikuwa amevaa kofia. Alisimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza polepole, "Mwalimu, huyu ni nani?" Ukamjibu kwa heshima zote, "Ni Nyani, mzee." Akasema, "Naona ni Nyani. Nauliza ni nani." Watoto walikuwa wameziba midomo kwa madaftari. Ukamwambia aguse mfuko wa Nyani aone mwenyewe. Akagusa. Ndani mlikuwa na kijiko kikavu na maneno: *Hata mimi sijaonja.* Mzee yule alicheka hadi akaivua ile kofia. Alirudi wiki iliyofuata, akasema amekuja kuangalia paa, akakaa kwenye benchi la nyuma na kuomba bua.

Jibu lilikuwa zuri kuliko yote uliyowahi kubuni. Kila karatasi ilikuwa na kitone cheusi mahali fulani, kwenye ukingo wa kisima, kwenye sikio la Punda, na watoto walidhani ni uchafu wa mkaa. Walikuwa nyuki. Pipa lilikuwa na ufa, na nyuki walikuja wakaichukua asali yao, tone kwa tone, wakairudisha nyumbani. Baba yako alikuwa amekufundisha hivyo: ukiiacha asali wazi, wenyewe wanarudi. Hakuna mnyama hata mmoja aliyekuwa na kosa.

Na ndiyo maana kulikuwa na kanuni ya kusingizia. Mtoto alipomtaja mnyama, ilibidi aende mbele, mpaka kwenye picha ya yule aliyemtaja. Mimi nilikuwa nafundisha chumba cha pili, nikipita dirishani nawaona. Mtoto anapiga goti kidogo, anasema jambo, darasa zima linajibu kwa Kinyamwezi, kisha kicheko. Kinyamwezi changu kilikuwa cha dukani, cha kupima chumvi na kuuliza habari za mvua. Niliona goti, nikaelewa nilichokuwa tayari kuelewa. Kwetu, aliyemsingizia mtu alishikwa mkono akapelekwa kwa huyo mtu, akabusu mkono wake, akaomba radhi, yakaisha. Nikasema moyoni: anawafundisha kuomba radhi, Mungu ambariki. Kicheko nilikihesabu kuwa ni utoto.

Kisha sisi tukaondoka. Sitarudia mambo hayo, uliyaona. Duka lilikwisha, baba akafariki, kaka zangu wakatangulia Maskati, nami nikamfuata mume wangu. Tumekuwa huku muda mrefu kuliko niliokaa Tabora. Lakini hata leo nikinunua asali huiweka puani kwanza, nione kama ina moshi wa miombo. Haijawahi kuwa nayo.

Nasra ndiye aliyeanzisha. Alinikuta nikimsimulia mwanawe habari za Kobe, akasema, "Bibi, huu ni mchezo wa kompyuta kabisa. Hamkuwa na kompyuta tu." Anafanya kazi na vijana wa Dar wanaotengeneza michezo ya watoto kwa Kiswahili. Nikakupigia. Ukauliza kwanza kama Nyani atabaki na kofia yake. Karatasi zote zilikuwa zimeliwa na mchwa, ukaanza kuchora upya kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, na Neema, mtoto wa ndugu yako, akapiga picha na kututumia. Maneno nikayaandika mimi. Siku moja uliniuliza kwenye simu, "Kanuni ya kusingizia unaikumbuka?" Nikajibu, "Naikumbuka vizuri." Tukaendelea na mambo mengine. Sentensi ile moja ndiyo iliyotaka kutuponza.

Niliiandika nilivyoiona dirishani. Elia, kijana anayeandika programu, akatengeneza ukurasa: ukimsingizia Punda, Punda anatokea na macho ya huzuni, na chini pana neno *Samahani* la kubofya. Wakawapa watoto wa Dar wajaribu. Watoto walilibofya bila kulitazama, kama mtu anavyofukuza nzi. Wengine walifunga mchezo kabisa. Elia ni kijana mstaarabu, alinieleza kwa upole: "Bibi, shikamoo. Sehemu ile watoto wanaichoka. Inafanana na adhabu. Tukiiondoa, mchezo unakwenda vizuri." Nilijua anasema kweli, nikakupigia wewe.

Wakati huo wewe ulikuwa umelazwa, moyo umechoka. Nilipokueleza, sauti yako ilirudi kuwa ya darasani. "Usiwaache waiondoe, Zuwena. Bila hiyo ni mchezo wa polisi tu. Mtoto anashika mtu, anaenda kulala." Nikasema sitawaacha. Ukasema, "Haya, Mwarabu wangu, niache nipumzike, kelele zako zinapandisha presha." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyapata kwako. Siyalalamikii.

Neema alipiga simu alfajiri.

Nilikuja, Kabula. Miguu hii, na goti ulilokuwa ukilicheka, ilifika Tabora. Ulikuwa umeshazikwa tayari, ndege hazikutupatia nafasi mapema. Nasra alinishika mkono toka uwanja wa ndege mpaka kwako Ipuli, na njia nzima nilikuwa namwonyesha vitu ambavyo havipo: hapa palikuwa na mashine ya kukoboa, hapa alikaa fundi wa viatu, hapa tulinunua karanga. Alisema "ndiyo, Bibi" kila mara, mtoto mwenye adabu. Mjini kuna taa za barabarani na maduka ya simu, na watoto wanasalimia kwa maneno ya Dar. Lakini miembe ya njia ya zamani ingali imesimama kwa mistari, na harufu ya vumbi baada ya mvua ni ileile. Nilisimama nikainusa mpaka dereva wa bajaji akauliza kama bibi anaumwa.

Tulifika siku ya kumaliza matanga. Nilitegemea vilio. Nikakuta uani mwanamke mfupi, mpana, amevaa miwani yako, na kanga yako ile ya njano, ana chaki mkononi, anawasahihisha waombolezaji. "Kaa vizuri wewe. Kamasi futa. Nani kawafundisha kulia namna hii, mnalia bila nukta?" Nilidhani ni mgonjwa wa akili, nikatafuta mtu wa kumwondoa. Neema akaninong'oneza: ni Bi Tatu, Mzaramo, aliyeolewa na mtu wa reli akabaki hapahapa. Mtani wenu, na leo anakuigiza wewe.

Nasra hakuwa anajua, nikamweleza pale pale kwa sauti ndogo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Watu waliopita nchi za wenzao na mizigo kichwani walihitaji namna ya kutukanana bila kuuana. Nilikuwa najua hayo kama mtu anavyojua jambo alilolisoma. Nyumbani kwetu hatukuwa na watani. Tulikuwa na majirani, wateja, marafiki, wakwe. Mtani hatukuwa naye.

Bi Tatu akapita kati ya watu akiwahoji. "Nani kamla Mnyamwezi wetu? Wewe mwenye koti, mbona mdomo unang'aa? Na wewe padri, ulikuja na kikapu cha nini?" Padri akamjibu kuwa kikapu ni cha kumbebea yeye akilewa. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na nikaona kaka yako, ambaye Neema alisema hajafungua mdomo tangu mazishi, anajifuta macho akitingishika mabega. Halafu Bi Tatu akasimama mbele yangu. Akashusha miwani yako mpaka kwenye ncha ya pua.

"Na huyu Mwarabu, kaja kuzika au kaja kuuza sanda?"

Uso wangu uliwaka. Nilikuwa nimesafiri bahari nzima, sijalala, sijakuona. Nilishika mkono wa Nasra ninyanyuke niondoke. Ndipo mwanamume mmoja mwenye mvi aliyekuwa amekaa mkekani karibu nami akainama sikioni. "Mwalimu Zuwena," alisema, "mjibu. Ukinyamaza ndio unakuwa ugomvi."

Sijui nililipata wapi. Nilisema, "Nimeleta sanda yako wewe, Bi Tatu, lakini Maskati nzima wamekosa kitambaa cha upana huo."

Kabula, ua mzima ulilipuka. Bi Tatu alicheka akaanguka kwenye mkeka, kisha akajikokota akaja kukaa kando yangu, akanivua viatu kwa mikono yake, akaagiza maji ninawe. Alinipakulia wali yeye mwenyewe. Baadaye niliambiwa kuwa yeye na watani wenziwe ndio waliochota maji na kupika siku zote za msiba, na waume zao ndio walioshika majembe makaburini. Alipokuwa ananitia mchuzi alisema, bila mzaha wowote, "Sasa mimi na wewe tumeshasingiziana. Ukifa huko kwenu wanitumie habari."

Yule mwenye mvi aliyeninong'oneza alikuwa Masanja. Usingemtambua, au pengine wewe ungemtambua. Masanja wa benchi la pili, aliyekuwa akila ule uji wa muhogo wa kubandikia. Amestaafu reli sasa. Nilipomweleza habari za mchezo na ukurasa wa *Samahani*, alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayetafuta namna nzuri ya kumkosoa mwalimu wake.

"Mwalimu," akasema, "sisi hatukuwahi kumwomba Punda radhi. Sisi tulikuwa tunatukanwa na Punda."

Ndivyo alivyonieleza uliyokuwa ukiyafanya upande wa pili wa ukuta wangu. Mtoto akimsingizia mnyama, alikwenda mbele, akapiga goti la salamu, la salamu tu, kama mnavyomsalimia yeyote, na kuanzia hapo yule mnyama alikuwa mtani wake. Darasa lilijibu kwa niaba ya mnyama, na lilijibu kwa ukali wote: masikio yake, kaptula yake, namna alivyosoma neno *pipa* vibaya. Naye akajibu. Kisha, mwisho kabisa, msafara ulipofika kwenye korongo lililojaa maji, Mwalimu Kabula aliuliza, "Nani atakuvusha?" Na waliomvusha mtoto walikuwa wanyama aliowasingizia, kwa sababu mtani haachwi kwenye maji. "Mimi nilimsingizia Punda," Masanja alisema, "na Punda akanibeba. Mpaka leo nikimwona punda nasikia nina mtu."

Kwetu radhi ilifunga jambo. Kwenu jambo lilikuwa ndiyo kwanza linafunguka. Nami nilikuwa nimekaa jirani yako, nikila chungu kimoja na wewe, nikitukanwa na wewe asubuhi na jioni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini nilipougua homa ya malaria ulinibeba mgongoni mpaka Kigwa kwenye zahanati.

Tulimpigia Elia kutoka uani kwako. Masanja alieleza, Bi Tatu akadakia, na Elia, ambaye nilidhani atachoka, akasema, "Ngoja, ngoja, rudia hapo kwenye korongo." Alikuja Tabora mwenyewe kwa treni na kinasa sauti. Walikaa chumbani kwako siku kadhaa, Bi Tatu na Masanja na wenzao, wakitukana kwa niaba ya wanyama wako. Punda sasa anasema: "Eti mimi nimekula asali. Mdomo wangu na mdomo wa pipa umeipima?" Fisi anasema: "Umeona mkia umeshahukumu. Haya mtani, nipishe nikalie kofia yako." Kanga hawezi kunyamaza, hata ukiondoka ukurasani unamsikia kwa mbali akiendelea kukusema. Kwa sauti ya Kobe walitumia zile ulizowahi kumrekodia Neema kitandani, "Twende, kwani miguu ni ya kupaka mafuta?" na "Nani atakuvusha?" ambayo hatukuwa tumejua ni ya wapi, na Elia amezipanga vizuri.

Wakawapa watoto wa shule iliyo karibu na kwako wajaribu. Mimi nilikaa nyuma. Tatizo likawa lingine: watoto waliwasingizia wanyama makusudi. Hawakutafuta chochote. Walimtaja Fisi ili watukanwe na Fisi, wakamtaja Nyani, wakavingirika chini kwa kucheka. Elia alinigeukia amekata tamaa. "Bibi, sasa hakuna anayechunguza." Nilimwambia asubiri, ingawa mwenyewe sikuwa na hakika.

Kulikuwa na msichana mmoja mkimya, mwenye macho makali. Yeye hakumtaja mtu. Aligusa kila kitu, akaona kitone kwenye sikio la Punda, akarudi nyuma kwenye kisima akakiona tena, akawataja nyuki moja kwa moja. Hakukosea hata mahali pamoja. Elia alifurahi sana. Mtoto akapata pipa lililozibwa, akafika kwenye korongo, na Kobe, kwa sauti yako, akamwuliza, "Nani atakuvusha?"

Hapakuwa na mtu. Wenzake walikuwa wanavuka kwa vishindo, huyu mgongoni mwa Punda, yule ameshika mkia wa Nyani, wanatukanwa mpaka ng'ambo. Yeye amesimama ukingoni na asali yake. Alibofya maji, alibofya jiwe. Kisha akageuka akamtazama Elia, akauliza kwa heshima, "Kaka, naweza kurudi nikamsingizie mtu?"

Elia alitoka nje. Aliporudi alisema ile sehemu haitaguswa, si na yeye wala na mwingine yeyote. Kwa hiyo lile ulilonikabidhi limekaa. Si kwa nguvu zangu, na wewe ungekuwa wa kwanza kulisema hilo, kwa sauti, mbele za watu.

Limebaki jambo moja. Jana hiyohiyo Nasra alinionyesha mchezo mzima, umekwisha, unangoja sauti chache tu. Kwenye ukurasa wa soko la Tabora pametokea mnyama nisiyemjua. Ni Ngamia. Amesimama katikati ya njia ya msafara na sanduku la bati mgongoni, na kila ukimbofya analalamika: maji yana tope, jua kali, kitanda kifupi, kahawa haina iliki. Nilimwuliza Nasra nani kamweka. Akaanza kutabasamu. Akasema ulimchora wewe, hospitalini, ukamwapisha Neema asinionyeshe mpaka mwisho. Chini ya picha uliandika kwa mkono wako: *Huyu kila mtu amsingizie. Hajui kuogelea, lakini atakuvusha.*

Nilikasirika kidogo. Pua ni ndefu mno. Halafu nikaenda kuketi peke yangu barazani mpaka adhana ya magharibi.

Ngamia hana sauti bado. Elia alikuwa anatafuta mwigizaji. Nimemwambia aache kutafuta. Ijumaa Nasra ataleta kinasa sauti, nami nitalalamika kuhusu tope, na jua, na kitanda, na nitalalamika kwa Kiswahili cha Tabora, si hiki cha adabu ninachoandikia barua. Na mtoto yeyote atakayenisingizia, popote alipo, nitamtukana vizuri, kisha nitampigia magoti kwenye ukingo wa lile korongo ili apande.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, Kabula. Lala salama, mtani wangu. Mungu wenu na wetu ni mmoja, akuweke mahali penye kivuli. Na ukikutana na baba yangu huko, msalimie, na tafadhali usimwulize kama amehamia na duka.

Wako,
Zuwena